Jina Lililoitwa Korongoni

Mshukiwa hakuupinga ushahidi uliokuwa ukimpeleka kitanzini, na hilo ndilo lililomshtua kwanza Inspekta Swabra Mbarak.

"Mama amesema alisikia nikiitwa," Luka Maundu alimwambia kupitia nondo za mahabusu ya kituo kidogo cha polisi cha Kithyoko. "Kama mama amesema hivyo, basi niliitwa. Mama yangu hajui kudanganya."

"Uliitwa na nani?"

"Na yule kijana, Habibu. Wanasema aliniita wakati nilikuwa namsukuma."

"Ulimsukuma?"

"Hapana, madam."

"Sasa alikuitia nini?"

"Hata mimi najiuliza hiyo maneno. Nimejiuliza mpaka kichwa inauma."

Alikuwa kijana mrefu, mtaratibu wa usemi, mwenye mikwaruzo mirefu katika mkono wa kulia. Aliujua mto Ikindu na korongo lake kuliko mtu yeyote wa upande ule, na ndiyo sababu watu wa mjini waliopenda kwenda kwa miguu kutoka maporomoko hadi maporomoko walimtafuta awaongoze. Jumamosi iliyopita aliwaongoza ndugu wawili kutoka mjini Machakos, Nurudin na mdogo wake Habibu. Jumapili maiti ya Habibu ilipatikana imenasa katika mizizi ya mkuyu, chini ya maporomoko ya mwisho.

"Mlikosana," Swabra alisema.

"Tulikosana, ndiyo. Niliwaambia maji bado imejaa, tusipite ndani ya korongo. Habibu akacheka, akaniita mwoga. Nikakasirika. Nikawaacha hapo, nikapanda juu na njia ya miiba."

"Mikwaruzo hii ni ya miiba?"

"Ni ya miiba."

"Sajini anasema ni ya kucha za mtu."

Luka aliutazama mkono wake. "Sajini hajawahi kupanda hiyo njia."

Sajini Mutiso, mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai, aliangua kicheko. "Inspekta, umetoka Machakos yote kuja kusikiliza habari ya miiba? Hii kesi imeiva. Ugomvi tunao. Kucha tunazo. Shahidi tunaye, na shahidi mwenyewe ni mama mzazi! Nani amewahi kuona shahidi kama huyo? Kesho Land Rover inampeleka kortini, shtaka la kuua kwa kukusudia. Mengine ni ya jaji."

"Ng'ambo ya mto mlipekua?"

"Ng'ambo ni Mbeere. Mto ndio mpaka. Nikivusha askari bila ruhusa nitaulizwa na wakubwa."

"Na polisi wa Mbeere?"

"Maiti ilikuwa upande wetu. Wao wangepekua nini?"

"Kwa hiyo hakuna aliyepekua."

Sajini alikunywa chai yake.

Nje, kwenye benchi chini ya paa la mabati, Nurudin alikuwa ameketi peke yake. Alisimama alipomwona Swabra. Familia zao mbili ziliishi nyuma ya msikiti mmoja mjini Machakos, na kaka zake Swabra walisoma chuo kimoja cha Kurani na hawa ndugu wawili.

"Asalaam aleikum, dada Swabra."

"Waaleikum salaam, Nurudin. Poleni sana. Mama anaendeleaje?"

"Hali chakula. Tangu tulipomzika Habibu hajazungumza na mtu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimeambiwa kesho kesi inaanza. Nimekuja kusikia kama nitahitajika."

"Nina maswali machache tu. Luka alipowaacha, nyinyi mlifanya nini?"

"Tuliendelea kushuka. Kisha nikakumbuka nimeisahau kamera kwenye maporomoko ya juu, nikarudi kuichukua. Niliporejea, Habibu hakuwapo."

"Hukuvuka ng'ambo?"

"Sikuvuka."

"Na miwani yake? Maiti haikuwa na miwani."

"Mto umeichukua," Nurudin alisema, akaketi tena.

Swabra alimkumbuka Habibu alipokuwa mdogo, akiivaa miwani minene iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Pasipo miwani ile asingeweza kumtambua mamaye upande wa pili wa barabara. Alimwita Konstebo Musau, aliyekuja naye kutoka Machakos, wakaondoka.

*

Mama Luka, ambaye kanisani aliitwa Peris Wanza, aliwangoja shambani kwake ukingoni mwa korongo. Alikuwa mwembamba, amenyooka, amejifunga leso iliyofuliwa na kupigwa pasi. Musau, aliyezaliwa upande ule, alimwamkia kwa Kikamba akiwa ameinama. Swabra alimpa mkono na shikamoo.

"Umekuja kuniuliza tena," mama yule alisema kwa Kiswahili chake cha kupima. "Uliza. Mimi nitasema ile nilisema."

"Nataka tu ukae pale ulipokuwa Jumamosi, Mama Luka. Ukisikia jambo lolote kutoka chini, ulishike kichwani."

"Nilikuwa kwa ulingo. Nafukuza ndege kwa mtama." Alielekeza kidole kwenye jukwaa la miti lililoinuka juu ya masuke mekundu. "Huko chini sioni. Lakini niko na masikio."

"Na ulipokwenda kituoni kueleza, ulijua kwamba ni mwanao utakayemtaja?"

"Kuna mama mwingine alizika mtoto," Mama Luka alisema. "Nikinyamaza, huyo nitamwambia nini?" Akapanda ulingoni bila kusaidiwa.

Njia ya kushukia ilikuwa ile ile ya miiba. Kabla hawajafika nusu yake, mkono wa Swabra ulikuwa umechanika kuanzia kifundoni hadi kiwikoni, mistari mirefu iliyokwenda sambamba. Aliuinua mbele ya macho ya Musau.

"Hizi ni kucha za nani, konstebo?"

"Aa, madam," Musau alisema, akaona haya kwa niaba ya sajini.

Mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimelichubua korongo lote. Miti ililala imeng'oka, mizizi ikielekea juu. Mawe makubwa kama vibanda yalikuwa yamehamishwa. Walipita chini ya maporomoko ya kwanza wakiinama, manyunyu yakiwalowesha, kisha wakafuata mwamba mwembamba ulioambaa ukutani hadi mahali ambapo mto wote ulibanwa kati ya majabali mawili. Pale maji hayakuwa na rangi ya maji. Yalikuwa meupe, yakipita kwenye mwanya usiozidi urefu wa mtu, yakidondoka ghafla kwenye shimo ambalo jicho halikuliona chini yake. Ngurumo ilikuwa kubwa hata walilazimika kuzungumza kwa kupiga kelele.

"Watu huvukia hapa?" Swabra aliuliza.

"Kiangazi! Saa hii hata mbuzi anakataa!"

Swabra aliupima mwanya kwa macho, akakaza kamba za raba zake, akarudi nyuma hatua chache. Musau alifungua kinywa kumzuia, lakini inspekta alikuwa amekwisha kuondoka ardhini. Alitua ng'ambo, wilaya ya Mbeere, juu ya ukingo uliofunikwa na ukoga wa kijani. Mguu mmoja uliteleza. Aliinama mbele upesi, akashika mwamba kwa mikono yote miwili, na kwa muda alibaki hivyo, akiyatazama maji chini ya goti lake.

Alipopata kusimama imara, aligeuka. Musau alikuwa bado upande wa Machakos, anautazama ule mwanya kama mtu anayetazama kaburi.

"Usitue hapa kwenye kijani!" Swabra alimpigia kelele, lakini aliona wazi kuwa hasikii. Akamwonyesha kwa mkono sehemu kavu. Kisha, kwa nguvu zote za kifua chake, akapaza sauti: "Ruka! Ruka!"

Kutoka juu, ulingoni, kulitoka yowe.

Halikuwa yowe la mtu aliyeumia. Lilikuwa la mtu aliyeona kitu kisichoweza kuwapo. Swabra aliinua kichwa. Mama Luka alikuwa ameshuka mbio, amesimama ukingoni kabisa mwa genge, mikono kichwani, leso imemdondoka.

"Ni hiyo!" alilia. "Musau, ni hiyo! Anaita mtoto wangu! Luka! Luka! Ni hiyo tena!"

Musau alikuwa amegeuka na kumkodolea macho inspekta wake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Madam!" alipiga kelele. "Kwa nini unamwita Luka?"

"Sikumwita Luka!"

"Nimesikia, madam! Umemwita mara mbili!"

"Nimekwambia uruke!"

"Ndiyo!" Musau alijibu, amechanganyikiwa kabisa. "Umesema luka!"

Maji yaliendelea kunguruma baina yao. Swabra hakutikisika. Alimtazama konstebo aliyefanya naye kazi tangu alipohamishiwa Machakos, ambaye hadi leo alimwita Inspekta Swambula, naye alikuwa amekwisha kuchoka kumrekebisha. Kikamba hakina ile sauti ya 'r', ya ulimi unaotetemeka. Mkamba aliyezoea lugha ya mamaye huitia 'l' mahali pake, na sikio lake, likiwa mbali na limezibwa na ngurumo ya maji, hufanya vivyo hivyo. Askari aliyechukua maelezo ya Mama Luka alikuwa Mkamba. Sajini alikuwa Mkamba. Shahidi alikuwa Mkamba, na juu ya hayo alikuwa mama aliyemzaa mtoto akamwita Luka. Angesikia nini kingine?

Marehemu hakumwita mtu. Aliambiwa aruke.

Na mtu anayeyaogopa maji yaliyo mbele yake haamriwi kuruka na aliye nyuma yake. Aliyeamuru alikuwa ametangulia. Alisimama hapa hapa, aliposimama Swabra sasa, ng'ambo ambayo hakuna polisi aliyeikanyaga kwa kuwa ilikuwa ya wilaya nyingine.

Alianza kupekua. Alipita juu ya mwamba kwa magoti, akiingiza vidole katika kila ufa. Musau, baada ya kujipa moyo, aliruka akatua mahali pakavu, akaungana naye bila kuuliza. Ni yeye aliyeiona: juu, mahali ambapo maji hayafiki hata mto ufurike, ndani ya ufa mwembamba, miwani minene yenye fremu nyeusi. Haikuvunjika. Haikuwa hata na mkwaruzo. Vishikio vyake vilikuwa vimekunjwa kwa utaratibu, kimoja juu ya kingine, na chini yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha mkononi.

"Maji haikunji miwani," Musau alisema polepole.

"Hayakunji," Swabra alisema. Aliichukua kwa ncha za kitambaa.

Walipopanda tena hadi shambani, Mama Luka alikuwa ameketi chini, amekumbatia magoti. Swabra alichuchumaa mbele yake.

"Mama Luka, ile sauti ya Jumamosi. Ilitokea upande huu wetu, au ule mwingine?"

"Ile ingine. Kwa Wambeere." Alielekeza kwa kidevu.

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

*

Nurudin alikuwa bado kwenye benchi. Swabra alimwomba aingie ofisini, akafunga mlango, akaiweka miwani juu ya meza. Sajini Mutiso, aliyekuwa akijiandaa kufanya mzaha juu ya matope ya suruali ya inspekta, aliuona uso wa Nurudin na mzaha ukamwishia kinywani.

"Umeipata wapi?" Nurudin aliuliza hatimaye.

"Pale ulipoiweka."

"Mimi sikuvuka. Nilikwisha kukwambia..."

"Habibu angevuka kwanza, miwani ingekuwa usoni pake. Manyunyu yalikuwa yakiijaza maji, akaogopa isimtoke. Alikupa wewe, kwa maana hakuna mwingine pale ambaye angempa macho yake. Ukatangulia nayo. Ulipofika ng'ambo ulimwambia nini?"

Nurudin aliigusa miwani kwa ncha ya kidole.

"Nurudin. Ulimwambia nini mdogo wako?"

"Nilimwambia aruke." Ilitoka kwa sauti ndogo, kila herufi mahali pake. "Alikuwa anacheka. Aliniambia, kaka, mimi nakuona kama wingu jeupe tu. Nikamwambia, ruka kwenye sauti yangu, nitakudaka. Ruka. Naye akaruka." Alitazama viganja vyake. "Nilimgusa vidole, dada. Niliviona vinapita."

Sajini Mutiso aliketi bila kutafuta kiti. Ilikuwa bahati kwamba kulikuwa na kiti.

"Ilikuwa ajali," Swabra alisema. "Mbona hukusema?"

"Tulipokuwa tunatoka nyumbani, mama aliniambia nisimwachilie mkono kwenye maji. Nilimwambia sawa, mama. Ningerudi nimwambie nini? Nikasema nilikuwa mbali. Neno moja tu, nilikuwa mbali. Kesho yake naambiwa muuaji amekamatwa. Mimi sikumtaja Luka! Wallahi sikulitaja jina lake hata mara moja."

"Hukulitaja. Ulikaa kwenye benchi ukangoja anyongwe kwa jina hilo."

Nurudin alijifunika uso kwa viganja.

"Ulijua wazi neno lililosemwa pale," Swabra aliendelea. "Ulijua limetoka kinywani mwako. Ulisikia wanasema 'Luka', ukatambua kosa lao, ukalinyamazia. Sisi tumekuzwa nyuma ya msikiti mmoja, Nurudin."

"Tumshtaki kwa lipi, Inspekta?" Sajini aliuliza kwa upole usio wake. "Kuanguka kwa mtu si kosa la mtu."

"Kwa kuwapa polisi habari za uongo. Yeye aandikishe maelezo yake upya, yote, kuanzia kwenye ule mwamba. Nitakaa hapa hadi amalize. Na wewe, sajini, fungua mahabusu."

*

Mama Luka alikuwa amekuja nyuma yao kwa miguu, njia nzima kutoka korongoni. Alisimama uani, leso imefungwa upya, akangoja kuambiwa. Swabra alimpa Musau ishara amweleze.

Konstebo alimsogelea, akavua kofia. "Mama," alisema, "haikuwa Luka. Ilikuwa luka."

Mama Luka alimtazama. "Ndiyo. Luka."

"Hapana, mama. Si Luka. Ni luka."

"Musau wa Titus, unanichezea?"

Musau alimgeukia inspekta, macho yakiomba msaada. Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na njia, aliibana kofia kwapani, akakusanya miguu pamoja, na akiwa katika sare zake zote akauruka mtaro wa maji ya mvua uliopita katikati ya ua. Alitua matopeni hadi vifundoni.

"Hivi, mama!" alisema, amegeuka, anahema. "Alikuwa anaambiwa afanye hivi! Na ndugu yake!" Akarudia yote kwa Kikamba, haraka haraka, akionyesha mto, akionyesha ng'ambo, akionyesha macho yake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mama Luka aliutazama mtaro, akazitazama alama za viatu upande huu na upande ule. Aliinua upindo wa leso, akaufunika mdomo. Mabega yake, ambayo hayakuwa yamepinda mbele ya sajini wala mbele ya kanisa, yalianza kuanguka kidogo kidogo.

"Mimi nilimpeleka," alisema ndani ya leso. "Kwa miguu yangu. Nilimpeleka mimi."

Mlango wa mahabusu uligonga ukuta. Luka alitoka, amekunja uso kwa sababu ya jua, kamba za viatu zikiwa mkononi. Alisimama mbele ya mamaye wala hakujua la kufanya na zile kamba.

"Mwaitu," alimwita, kama Wakamba wamwitavyo mama.

Mama yule alifumbua kinywa amwitikie. Midomo ilijiunda, ulimi ukapanda mahali pake, pumzi ikatoka, jina halikutoka. Alijaribu tena. Swabra, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ofisi, aligeuza uso.

"Mwana wakwa," mwanangu, Mama Luka alisema mwishowe, kama anavyoitwa mtoto ambaye bado hajapewa jina. Akamshika mkono, wakatoka langoni wakielekea sokoni, na mpaka walipotoweka baina ya vibanda hakuwa amemwita kwa jingine.